Publisher inafikia kikomo: vyama na shule vikusanye faili zao

Na Zuhura Mwinyi

Microsoft imeshataja mwezi. Ikifika Oktoba 2026, Publisher, programu ya kupangia kurasa iliyokuwapo tangu 1991, haitahudumiwa tena na itaondolewa katika Microsoft 365. Hata anayelipia huduma hiyo hataweza kufungulia faili zake ndani ya Publisher. Kwa parokia inayotoa jarida, shule inayochapa ratiba ya mahafali au chama cha kuweka na kukopa chenye ripoti ya kila mwaka, kazi ya miaka mingi inaweza kukwama kwenye diski.

Lakini udhaifu wenyewe ni wa zamani kuliko tangazo hilo. Taasisi nyingi ndogo hazimiliki kurasa zao. Kijana wa steshenari hupanga kipeperushi, mteja huondoka na nakala zilizochapwa, faili hubaki kwenye kompyuta ya duka. Mwaka ujao namba ya simu ya katibu ikibadilika, kazi nzima hupangwa na kulipiwa upya. Nembo nayo huchukuliwa kwenye picha iliyotumwa WhatsApp, ikatoka na ukungu kwenye bango. Kosa ni la uongozi unaodai risiti na kusahau faili.

Zana za taasisi kumiliki kurasa zake zipo tangu zamani. Mwaka 1985 kampuni ya Aldus ya Paul Brainerd, huko Seattle, ilitoa PageMaker, programu ya kupangia kurasa, kwa ajili ya kompyuta ya Macintosh. Kazi iliyohitaji mpanga herufi, mkasi na gundi ikahamia kwenye meza ya mtu mmoja. QuarkXPress ikafuata 1987. Adobe ikainunua Aldus 1994, na mwaka 1999 ikatoa InDesign. Faida kubwa ya programu hizi haimo katika mapambo. Imo katika ukurasa mama, ambako nembo, pambizo na namba za kurasa huwekwa mara moja tu, na katika mitindo ya maandishi: fonti ya vichwa ikibadilishwa mahali pamoja, ripoti ya kurasa 80 hubadilika yote. Canva, iliyozinduliwa Australia mwaka 2013, inafaa sana kwa tangazo la semina. Kwa ripoti ndefu yenye majedwali na tanbihi, itamchosha mpangaji bure.

Karatasi na simu zina masharti tofauti, na hapa ndipo fedha nyingi za wanachama hupotea. Kioo cha simu huunda rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mashine ya chapa hutumia wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Kijani kinachong'aa kwenye simu hutoka kimefifia kwenye karatasi. Picha ya kuchapwa huhitaji takriban nukta 300 kwa inchi, na iliyopitia WhatsApp kwa kawaida imeshabanwa. Kijitabu kinachopigwa pini katikati lazima idadi ya kurasa zake igawanyike kwa nne. Na PDF ya A4 yenye safu tatu humtesa msomaji wa simu, anayelazimika kuvuta ukurasa huku na huku kila mstari. Huyo apangiwe toleo lake la safu moja kwa maandishi yaleyale.

Bajeti ndogo haizuii. Scribus ni programu huria isiyolipiwa, yenye uwezo wa kutumia rangi za wino na kutoa PDF inayokubalika kwa wachapaji. LibreOffice Draw nayo hufungua faili za Publisher, ingawa mpangilio unaweza kuvurugika na kuhitaji mkono wa mtu.

Makatibu na wahariri wa majarida wasingoje Oktoba. Wakusanye faili zote zinazoishia na .pub, watoe nakala za PDF, kisha zile zinazotumika kila mwaka zipangwe upya kwenye programu nyingine. Na msanifu atakayepewa kazi hiyo amaliziwe malipo yake akishakabidhi faili ya kazi, fonti na picha asilia.