Baba, mama umemwambia?

Baba mmoja hapa Maganzo alisimama kanisani akatubu "dhambi zote". Watu wakashangilia. Nyumbani, mkewe bado aliamini pesa za dawa za mtoto ziliibwa sokoni, kumbe zilikwenda kwenye kamari. Binti yao wa miaka 10, aliyejua, akamuuliza: "Baba, mama umemwambia?"

Aliponisimulia nikakumbuka Uamsho wa Afrika Mashariki, uliopamba moto miaka ya 1930 huko Gahini, Rwanda, kwenye hospitali ya misheni ya daktari Joe Church. Rafiki yake Simeoni Nsibambi, Mganda, naye aliwahi kufanya kazi ya afya (nafurahi kulitaja hilo). Walokole wale hawakuishia kusema "mimi mwenye dhambi". Walitaja walichofanya na kurudisha walichoiba. Wapo waliopitiliza wakaanika aibu za wenzao. Hilo siliungi mkono.

Lakini kiini chake ni kweli. Anayemtegemea Kristo hahitaji tena kulinda jina lake, hivyo anaweza kuitaja dhambi mbele ya aliyemuumiza. Anayeificha bado anajiokoa mwenyewe. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, na hakuna aliyemlazimisha.

Mzazi, watoto wetu wanaliona hili kabla ya mchungaji.

Baba yule alimwambia mkewe Jumanne. Mama hakuzungumza naye siku mbili. Sasa kila akipata kibarua anatenga fungu la dawa, na mkewe ndiye anayeshika pesa.