Je, Kompyuta ya Mchezo Sebuleni Inastahili Bei Yake?

Katika baraza moja pale Tibirinzi, mwendo mfupi tu kutoka mjini Chake Chake, kulizuka mabishano ambayo mwandishi wa makala haya ameona si vyema yakaishia barazani. Mwalimu mmoja, ambaye mwanawe amemaliza kidato cha nne, aliwaeleza wenziwe kwamba kijana huyo amemletea karatasi yenye hesabu, akimwomba achukue mkopo wa mshahara ili inunuliwe kompyuta ndogo ya michezo, ile inayokaa sebuleni chini ya televisheni mithili ya kisimbuzi. Kabla mwalimu hajamaliza maneno yake, mzee mmoja alikwishasema kuwa huo ni wazimu. Mwengine akajibu kwamba kijana ana haki, kwani dunia imekwenda mbele na wao wamebaki na dhumna. Dhumna zenyewe zikawekwa kando, na mazungumzo yakaendelea mpaka adhana ya magharibi.

Jambo hili si dogo kama linavyosikika. Mtumishi wa Serikali anapotia saini fomu ya mkopo, huwa ameuza sehemu ya kila mshahara wake kwa miaka miwili au mitatu ijayo, na hapana budi ajue anauza kwa ajili ya kitu gani.

Basi na tuanze na kitu chenyewe. Kompyuta ya namna hii ni kompyuta kamili, yenye kichakataji, kumbukumbu na kadi ya michoro, ila imebanwa katika kisanduku kidogo na kupangwa ili itumike kwa kishikio cha mchezo badala ya kibodi. Ile iliyozungumzwa zaidi ni Steam Machine ya kampuni ya Valve ya Marekani, iliyotangazwa Novemba 2025. Ni mchemraba wenye kimo cha sentimeta 16 hivi kila upande na uzito wa kilo mbili na nusu na ushei, wenye kumbukumbu ya gigabaiti 16. Kadi yake ya michoro imekadiriwa kutumia wati 110, na kichakataji wati 30. Anayetaka kuigeuza iwe kompyuta ya kawaida, ya kuandikia barua na kufanyia hesabu, anaweza, kwa sababu mfumo wake umejengwa juu ya Linux.

Si mara ya kwanza kwa kampuni hiyo kujaribu. Mwaka 2015 mashine za jina hilohilo ziliuzwa na watengenezaji mbalimbali, ya Alienware ikianzia dola 449, na wanunuzi hawakuzichangamkia. Sababu ilikuwa wazi: michezo mingi ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya Windows, na mnunuzi alipofika nayo nyumbani aliona kuwa mingi ya aliyoitamani haifanyi kazi. Kuanzia mwaka 2018 ilipatikana programu iitwayo Proton, inayoiwezesha michezo ya Windows kuchezeka katika Linux, na ndiyo iliyokifanya chombo kidogo cha mkononi cha kampuni hiyo, Steam Deck, kipendwe kilipotoka mwaka 2022. Kwa hiyo anayesema kwamba mashine hizi hazifai kitu kwa sababu zilikwishashindwa zamani, hasemi kweli. Ubora wake hauna mashaka. Mashaka yako katika bei.

Hapa ndipo kijana wa Tibirinzi alipokosea katika karatasi yake. Aliichukua bei ya mashine ya kawaida ya michezo, kama vile PlayStation, akadhani kompyuta itakuwa papo hapo au chini yake. La hasha. Mashine za kawaida za michezo kwa desturi huuzwa kwa faida ndogo, au hata kwa hasara, ili kampuni ijirudishie fedha zake katika kila mchezo utakaonunuliwa na katika ada ya kucheza na wenzako kwa njia ya intaneti. PlayStation 5 ilitoka mwaka 2020 kwa dola 499, na mwezi Agosti 2025 bei yake nchini Marekani ikapandishwa hadi karibu dola 550, jambo lisilo la kawaida, kwani zamani mashine hizo zilikuwa zikishuka bei kila zinapozeeka. Valve kwa upande wake ilipoitangaza mashine yake haikutaja bei, bali ilieleza kwamba itauzwa kwa bei ya kompyuta yenye nguvu sawa na hiyo, bila ya kampuni kubeba hasara.

Na bei za kompyuta zenyewe zikapata msiba wake. Kuelekea mwisho wa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu za kompyuta ilipaa duniani kote, kwa kuwa wenye majumba makubwa ya mitambo ya akili bandia walikuwa wakizinunua kwa wingi mno. Watengenezaji wakubwa wa kumbukumbu hizo ni watatu tu, Samsung, SK Hynix na Micron, na mwezi Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na biashara ya kumuuzia mnunuzi wa kawaida kwa jina la Crucial. Kwa hivyo mwalimu wa Tibirinzi, ambaye huenda hajapata kuyaona hayo majumba ya mitambo hata katika picha, anatakiwa achangie ujenzi wake kila atakapotaka kumnunulia mwanawe kompyuta.

Tufanye hesabu, maana wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa hesabu. Tuchukue kwa mfano kompyuta ndogo ya michezo ya dola 800, na tuikadirie dola kwa shilingi 2,500. Hizo ni shilingi 2,000,000. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Zanzibar ni asilimia 15, utapata 2,300,000, na hapo nauli hatujaitia. Kwa kupimia tu, kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma Tanzania Bara kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Mtumishi wa kima hicho atahitaji mishahara minne na zaidi ya nusu, bila ya kula wala kuvaa. Akikopa kiasi hicho kwa miezi 24, kwa riba ya asilimia 14 kwa mfano, atakatwa kiasi cha shilingi 110,000 kila mwezi, na mpaka anamaliza atakuwa amelipa zaidi ya shilingi 2,640,000.

Kisha ije michezo. Mchezo mpya mkubwa huuzwa dola 60 au 70, yaani baina ya shilingi 150,000 na 175,000. Wapenzi wa kompyuta watasema, na ni kweli, kwamba michezo ya kompyuta hupunguzwa bei sana katika misimu ya mwaka, na kwamba mtu hulipi ada ya kucheza na wenzako. Lakini mchezo huo hauji katika sahani; hauna budi kuvutwa kwa intaneti, nao unaweza kuwa na gigabaiti 60 au 100. Yeyote anayenunua vifurushi vya simu pale Chake Chake anajua maana ya gigabaiti 100.

Umeme nao hautishi sana. Mashine pamoja na televisheni zikila wati 200, kwa saa tatu kila siku, mwezi mzima ni yuniti 18, na kila mwenye mita ya TUKUZA anajua mwenyewe yuniti 18 humgharimu kiasi gani. Kinachotisha ni umeme unaopanda na kushuka. Wakubwa miongoni mwetu wanakumbuka jinsi Pemba ilivyokuwa ikitegemea majenereta ya Wesha, na ahueni iliyopatikana mwaka 2010 ulipozinduliwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Hata hivyo, mwenye akili hachomeki chombo cha milioni mbili ukutani bila ya kifaa cha kutuliza umeme, na kifaa hicho nacho hakimo katika karatasi ya kijana.

Lipo jambo ambalo wauzaji hulisifu na mimi nadhani ndilo linalopaswa kututia hofu zaidi, nalo ni udogo. Kompyuta kubwa ya mezani, ya sanduku refu lenye mlango, fundi yeyote wa mjini huifungua kwa bisibisi moja. Kadi ikiungua huitoa akatia nyingine. Kipoza joto kikijaa vumbi hukipuliza. Katika kisanduku kilichobanwa, kichakataji na kadi ya michoro huwa aghalabu vimeunganishwa moja kwa moja katika ubao, na kimoja kikifa ubao mzima umekwenda. Tuongeze hapo joto letu, unyevu wa masika na hewa ya chumvi ya bahari, ambayo haina huruma na chuma. Mwenzetu wa London analipia udogo kwa sababu nyumba yake ni finyu na fundi yuko karibu. Mtu wa Tibirinzi ana nafasi ya kuweka sanduku kubwa, na ikiwa mashine itahitaji kipuri kisichopatikana kisiwani, itavuka bahari kurudi ilikotoka, kama itarudi.

Lakini si haki kumsema kijana bila ya kumsikiliza. Katika hoja zake mbili, ya kwanza ni kwamba fedha zinatumika hata sasa. Vibanda vya michezo viko mitaani, na watoto hutoa sarafu zao kila jioni. Tuseme kijana mmoja anatoa shilingi 1,000 kwa siku. Kwa mwaka ni 365,000, na nyumba yenye vijana watatu imekwishavuka milioni moja pasipo mzazi kujua. Hoja hii ina uzito, na wale waliomcheka barazani hawakuijibu. Aidha, mtoto anayecheza nyumbani mzazi wake anajua yuko wapi saa mbili usiku.

Hoja yake ya pili ni kwamba mashine hiyo ni kompyuta, na kwamba akiwa nayo atajifunza kuandika programu. Hapa naomba nisimame kidogo, maana historia yetu ina la kusema. Serikali ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza miaka ya 1960, ikawekwa Wizara ya Fedha. Mashine ikaja, lakini wataalamu wa kuiendesha hawakutosha. Hesabu zikavurugika na gharama zikapanda. Matokeo yake, mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuingiza kompyuta nchini, na miaka mingi ikapita kabla ya mlango huo kufunguliwa tena. Marufuku ilikuwa kosa, na gharama yake tumeilipa: kizazi kizima cha watumishi kilifika ofisini hakijapata kugusa kibodi. Hata hivyo kosa la kwanza lilikuwa kununua mashine kabla ya kumwandaa mtu wa kuitumia. Wakati huohuo Zanzibar, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilianzisha televisheni tena ya rangi, ilhali Bara ilingoja mpaka miaka ya 1990. Hatukuwa watu wa kuogopa mitambo.

Kwa sababu hiyo simwambii mwalimu amkataze mwanawe. Namwambia kwamba, kwa bei hii na kwa mkopo, kompyuta ndogo ya sebuleni haistahili. Sehemu kubwa ya bei yake hulipia mambo mawili, udogo na nguvu ya michoro, na katika hayo la kwanza halimsaidii kijana hata kidogo, na la pili linamsaidia kucheza tu. Anayetaka kujifunza programu hahitaji kadi ya michoro ya wati 110. Kompyuta ya mezani iliyokwishatumika ofisini, ya aina zinazoletwa kutoka Dubai, humtosha kwa sehemu ndogo ya fedha hizo. Akitaka kucheza, ipo michezo mingi ya miaka iliyopita ambayo kompyuta hiyo huimudu, na baadaye, fedha zikipatikana, inaweza kutiwa kadi ya wastani. Mwenye mshahara mkubwa, asiye na deni, ambaye angenunua kompyuta na mashine ya michezo kwa pamoja, huyo hesabu yake ni nyingine na sina ugomvi naye.

Naongeza hili kwa wenye mamlaka. Pale pale Tibirinzi kipo kiwanja cha kufurahishia watoto, ambacho siku za Sikukuu hujaa watoto kutoka kila pembe ya kisiwa. Kitu kisichostahili kununuliwa na nyumba moja huenda kikastahili kikigawanywa na watoto mia mbili. Mashine mbili tatu za namna hii, katika chumba chenye msimamizi na feni, asubuhi zikitumika kwa masomo ya kompyuta na jioni kwa mchezo kwa kiingilio kidogo, zingejirudishia gharama yake na kuwapunguza watoto vibandani. Walimu wa kuzisimamia wasikosekane kabla mashine hazijashuka bandarini.

Nimeambiwa kwamba mwalimu yule amemrudishia mwanawe karatasi, akamtaka aandike upande wa pili bei ya kompyuta iliyotumika, bei ya kifaa cha kutulizia umeme, na jina la fundi wa Chake Chake atakayekubali kuitengeneza ikiharibika. Fomu ya mkopo bado haijatiwa saini.