Raia Waliipitisha, Raia Waulizwe

Desemba 2005 raia wa Kongo walipanga foleni, Kakanda na Likasi sawa na Kinshasa, wakaipigia kura katiba mpya. Zaidi ya asilimia 80 ya kura zilisema ndiyo, na tarehe 18 Februari 2006 ikatangazwa rasmi. Ibara ya 5 inasema mamlaka yote hutoka kwa raia.

Miaka mitano haijatimia, Januari 2011, wabunge na maseneta waliketi pamoja wakafuta duru ya pili ya uchaguzi wa rais. Hatukuulizwa. Kisheria waliweza: ibara ya 218 inaruhusu sehemu tatu kati ya tano za wajumbe kupitisha mabadiliko bila kura ya maoni. Lakini tazameni kilichofuata. Mwaka huohuo Joseph Kabila alitangazwa mshindi kwa asilimia 48.95, na uchaguzi wa 2018 ukampa Félix Tshisekedi asilimia 38.57. Sharti la rais kupata zaidi ya nusu ya kura tuliliweka sisi. Waliotumwa kulilinda ndio waliolitoa.

Tangu Rais Tshisekedi alipozungumzia kubadilisha katiba huko Kisangani, Oktoba 2024, mjadala huo umewaka tena. Mihula ya rais haina mjadala, ibara ya 220 imeifunga. Kwa mengine yote, tunataka karatasi ya kura.

Tena kuna tunachodai tayari kwa katiba na sheria zilizopo. Ibara ya 175 inaipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa, ibaki mkoani yanapokusanywa, lakini mikoa ingali inaingoja Kinshasa. Sheria ya madini ya 2018 inatenga asilimia 15 ya mrabaha kwa komuni, sekta na usultani kunakochimbwa. Mabaraza ya sekta yanayopaswa kusimamia fedha hizo, sheria ya 2008 inataka yachaguliwe na wakaaji. Hayajachaguliwa hata mara moja. Mwaka 2023 tume ya uchaguzi, CENI, iliishia kwenye makomuni ya miji mikuu ya mikoa. Mama wa Kakanda anaonyesha kadi yake ya mpiga kura kwa polisi na benki, maana ndiyo kitambulisho chake, lakini hajawahi kuitumia kumchagua mtu wa kuamua kisima kichimbwe wapi.

Wabunge wa Haut-Katanga na Lualaba, kataeni badiliko lolote la katiba lisilopelekwa kwa raia. Na kabla ya hapo, idaini CENI tarehe ya uchaguzi wa mabaraza ya sekta.