Springi Zilizolala: Kuongeza Bapa Si Kutengeneza

Ndugu mkulima, itazame pikapu yako ikiwa tupu, imesimama mahali palipo sawa. Ikiwa mkia umelala na pua imeinuka kana kwamba bado imebeba magunia, basi springi za nyuma zimelala. Magari ya namna hii ni mengi katika njia za viazi za Kinangop na Molo, na wenyewe huyaendesha hivyo miaka nenda miaka rudi. Naye yule anayeamua kutengeneza, mara nyingi hufanya jambo moja tu: humwambia fundi aongeze bapa moja au mawili, hulipa, huenda zake. Maoni yetu ni kwamba desturi hiyo ni mbaya, tena ina hatari, nayo yafaa iachwe.

Kwanza yafaa ufahamu springi yenyewe ni kitu gani. Ni mabapa ya chuma yaliyolazwa moja juu ya jingine, refu juu na mafupi chini, nayo yamefungwa pamoja kwa bolti ya katikati. Kila bapa limekunjwa kidogo kama upinde. Chuma chake si kama cha nondo. Kiwandani hutiwa moto mpaka karibu digrii 850, kikazamishwa katika mafuta ili kipate ugumu, kisha hupashwa tena kwa moto mdogo zaidi ili kisivunjike upesi. Hapo ndipo kinapopata tabia ya kupinda na kurudi.

Watu wengi hudhani kwamba springi iliyolala imelegea. Sivyo. Kama hakuna bapa lililovunjika, wala halijaliwa na kutu, springi ya miaka ishirini ina ugumu karibu ule ule iliokuwa nao ilipotoka kiwandani. Kilichopotea ni upinde. Bapa likilemewa mara nyingi kupita uwezo wake, hurudi pungufu kidogo kila mara, mpaka siku moja unaona limenyooka kama rula. Basi unapoongeza bapa, unaongeza ugumu, ambao haukupungua, na upinde uliopotea unabaki umepotea.

Hesabu yake ni hii. Springi ya mabapa manne ikipata la tano lenye unene ule ule, ugumu wazidi kwa kadiri ya robo. Fundi akitafuta katika vyuma vikuukuu akapata bapa nene la lori, mambo huharibika zaidi. Bapa la milimita 8 lina ugumu unaozidi mara mbili ule wa bapa la milimita 6, hata kama upana na urefu ni sawa. Gari likiwa tupu litarukaruka, nyanya zitapondeka, na mipigo ambayo springi ilipaswa kuimeza itaingia katika chesi. Tena bapa la kuokota halikukatwa kwa urefu wa gari lako. Pale ncha yake inapoishia, bapa la juu huumia mahali pamoja siku zote, na hapo ndipo huvunjika.

Lakini jambo linalotutia hofu zaidi ni breki, nalo ndilo watu hawalisemi. Pikapu nyingi za Kijapani za miaka iliyopita, Toyota Hilux nyingi zikiwamo, zina vali ndogo ya breki iliyofungwa kwenye chesi karibu na ekseli ya nyuma. Ufito wa chuma huiunganisha vali hiyo na ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo: gari likishuka kwa uzito, vali hupeleka nguvu zaidi katika breki za nyuma, gari likiinuka, hupunguza. Sasa fikiri. Springi zikiwa zimelala, vali hudhani gari limejaa hali ni tupu. Ukikanyaga breki mvua ikinyesha, magurudumu ya nyuma hukwama kabla ya wakati na mkia huteleza kwenda upande. Na springi zikiinuliwa kwa mabapa ya ziada, vali hudhani gari ni tupu hali lina tani moja ya viazi. Breki za nyuma zitafanya kazi kidogo, na za mbele zitabeba taabu yote katika mteremko. Ni wangapi walioongeza mabapa kisha wakamwambia fundi atazame ufito ule? Wachache sana.

Kuna desturi nyingine mbaya kuliko hiyo. Wako watu wanaopasha springi moto kwa gesi au kwa makaa mpaka iwe nyekundu, wakaikunja kwa nyundo, wakaiacha ipoe yenyewe. Upinde hurudi, na kwa macho springi huonekana nzuri. Lakini moto ule umeondoa ile tabia iliyotiwa kiwandani. Italala tena baada ya safari chache. Wengine huimwagia maji ingali nyekundu. Hiyo hukatika kama kigae. Bapa lililovunjika likichomelewa, nalo ni vivyo hivyo. Usikubali, hata fundi akiwa jamaa yako.

Basi ufanye nini? Anza kwa kupima, maana kupima hakuna gharama. Gari likiwa tupu, pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma kwenda juu mpaka ukingo wa bodi, kulia na kushoto. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, usikimbilie kulaumu uzee. Tafuta bapa lililopasuka chini ya matope, au bushi zilizokwisha, au kile kiungo cha nyuma kinachobembea, ambacho mafundi hukiita shako, kilichoshikwa na kutu. Tazama pia kama ekseli imesogea. Bolti ya katikati ikikatika, ekseli hurudi nyuma upande mmoja, na gari hutembea mshazari. Hilo si la kungoja siku ya soko ipite. Wala usidhani shokabsoba mpya zitainua gari. Kazi yao ni kutuliza mtikisiko, hazibebi mzigo.

Pande zote mbili zikiwa zimelala sawasawa, dawa iliyo bora ni springi mpya za aina iliyoandikiwa gari lako, zote mbili kwa pamoja. Ni ghali, hatukatai. Asiyeweza bado aweza kumwendea fundi hodari wa springi azikunje upya zikiwa baridi, bapa moja moja, bila moto. Kazi hiyo ni halali ikiwa mabapa ni mazima, ila ujue hazikai kama mpya.

Hapo linakuja neno ambalo wengi hawapendi kulisikia, yaani mzigo. Tangu Kanuni za Viazi za mwaka 2019, gunia la viazi halipaswi kupita kilo 50. Pikapu ya tani moja ikibeba watu watatu, kilo mia mbili hivi zimekwisha. Yabaki magunia 16 tu. Lakini bado wako wanaopakia lumbesi yenye shingo ndefu, inayopita kilo mia, nao huhesabu magunia badala ya kilo. Sheria ya Barabarani, Sura ya 403, yakataza kupakia kupita uzito ambao aliyeunda chesi ameuweka. Dalali anayedai lumbesi hatanunua springi zako, wala hatalala hospitali kwa ajili ya utingo wako. Afadhali safari mbili.

Siku ya kazi yenyewe, gari lishikwe kwa stendi imara chini ya chesi, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe. Asilale mtu chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Kabla ya kufungua bolti ya katikati, mabapa yabanwe kwa kibanio, kwani huruka kwa nguvu. Bolti zenye umbo la U zinazoshika ekseli zinunuliwe mpya. Za zamani zimekwisha kuvutika. Zile za bushi zisikazwe mwisho mpaka gari lisimame juu ya magurudumu yake, la sivyo raba zitasokoteka na kuchanika. Baada ya safari ya kwanza ya mzigo kaza tena zile za U. Kisha mwambie fundi aurekebishe ule ufito wa vali ya breki, na taa za mbele azishushe au azipandishe ipasavyo, kwa kuwa pua ya gari sasa haiko pale ilipokuwa.