Gita moja, mabwana wawili

Jioni ukipita karibu na stesheni ya Tabora utamkuta kijana anapiga gita, kofia iko chini. Ni mwenzetu, mwaka wa pili. Gita hilohilo alikuwa akilipiga kwaya kila Jumapili, mpaka wazee wa kanisa walipomwona pale. Wakamwambia achague: madhabahu au barabara. Kosa lake? Rumba.

Jamani, tuseme ukweli. Kanisani alikuwa anapewa "Mungu akubariki." Stesheni anapata hela ya kula na ya ada. Baraka ni kitu kikubwa, ila mhasibu wa chuo haipokei.

Eti muziki wa barabarani ni uhuni? Burton alipofika Kazeh mwaka 1857, mizigo ilibebwa na wapagazi waliotembea kwa ngoma na nyimbo, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Njia hiyohiyo ya kwenda Ujiji ilipitisha Uislamu, kisha wamisionari. Kwa hiyo hapa kwetu dini na wimbo wa njiani vimelala kambi moja tangu zamani.

Mzee mmoja alinitajia Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, kule Kongo. Aliimba dansi miaka mingi, kisha akaokoka, akaimba Injili hadi alipofariki mwaka 2010. "Unaona? Aliacha!" Sawa, mzee wangu, aliacha. Lakini aliacha akiwa mtu mzima, na sauti aliyoipeleka kanisani ilikomaa kwenye dansi.

Siwabezi wazee. Wameona vijana wengi wakianza na gita wakaishia kwenye chupa. Wenzetu Waislamu nao wanayajua haya: mpiga dufu wa madrasa akishika kinanda cha taarabu, maneno yanaanza. Basi tumpime mtu kwa anachoimba na anavyoishi, siyo kwa mahali alipokaa. Na kama hatutaki apige stesheni, tumchangie ada.

Nasema "tu" kwa sababu mimi ni mwanakwaya. Siku ya kikao nilikuwepo. Nilikuwa na haya yote kichwani, nikanyamaza, nikaogopa kuonekana na mimi ni wa dunia.

Jumapili iliyopita tuliimba bila gita. Hatukuwa watakatifu zaidi. Tulipotea sauti tu.

Kikao kijacho nitanyoosha mkono. Na wewe mwenye rafiki kama huyu, usisubiri afukuzwe ndipo useme.