Nimeshaharibu Mimi

Alhamisi iliyopita, saa nne na nusu za usiku hapa Wattaya, nilijifungia nje ya skuli iliyo Unguja. Kule ilikuwa saa tatu na nusu, walimu wameshakwenda zao, na asubuhi yake walitakiwa kuingiza alama za mtihani kwenye mfumo wa skuli. Bila intaneti mfumo ule haufunguki.

Skuli ni ya jamaa zetu, nami huwatengenezea ruta yao kutoka huku, mezani pangu juu ya maduka ya magari. Situmii kurasa zenye vitufe na picha. Natumia mstari wa amri: dirisha jeusi, unaandika, unabonyeza Enter, mashine inatii. Wanangu hunicheka. Lakini maandishi matupu hupita hata intaneti ikiwa dhaifu, na nilichoandika leo nakiweka kwenye faili nikirudie mwakani neno kwa neno. Napita kwa SSH, aliyoibuni Tatu Ylönen huko Finland mwaka 1995, baada ya nywila kuibwa kwenye mtandao wa chuo chake. Telnet ya zamani ilizipeleka wazi kabisa.

Usiku ule nilikuwa naandika orodha ya wanaoruhusiwa kupita. Kwenye ruta za Cisco, mwisho wa orodha pana mstari usioonekana unaowakataa wengine wote. Kila mwanafunzi hufundishwa hilo, na kila mwanafunzi hulisahau. Niliandika ruhusa moja, nikaiweka orodha kwenye mlango wa nje, nikabonyeza Enter. Herufi zikaacha kutokea.

Nikampigia mlinzi, mtu mzima asiyewahi kugusa kompyuta.

"Shikamoo, mzee. Ofisini kwa mwalimu mkuu kuna kisanduku chenye taa."

"Marahaba, mwanangu. Nakiona, taa zote zinawaka vizuri."

"Naomba uchomoe waya wake wa umeme, uhesabu mpaka thelathini, uurudishe."

"Nikiharibu je?"

"Nimeshaharibu mimi."

Baada ya dakika chache nikaingia. Amri unazoandika hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, running-config, na umeme ukikatika zinapotea. Ruta ikiwaka husoma startup-config, yaani ile uliyoihifadhi. Salama yangu ni kuwa sikuwa nimehifadhi. Ningehifadhi, mzee angechomoa waya mpaka alfajiri.

Kinachoniudhi ni kwamba dawa naijua miaka yote. Nyie mnaosoma mitandao huko ughaibuni, iandikeni pahala. Kabla ya kugusa kitu, hifadhi kinachofanya kazi, kisha andika reload in 10. Baada ya dakika 10 ruta itajizima na kujiwasha yenyewe. Ukijifungia nje, kunywa chai usubiri. Ukibaki ndani, usiliamini dirisha ulilonalo, maana linaweza kubaki wazi huku mlango umefungwa. Fungua la pili ujaribu kuingia upya. Likikubali, andika reload cancel, halafu copy running-config startup-config. Mimi niliruka yote hayo kwa sababu chakula kilikuwa kimeshapakuliwa.

Ijumaa walimu waliingiza alama zao. Baada ya sala mzee akanipigia simu, anauliza kama usiku achomoe tena.