Kitabu Kisichofunguliwa ni cha Nani?

Mpwa wangu afanyaye kazi Dubai alikuja likizo majuzi, na katika mizigo yake, baina ya kanzu na manukato, mlikuwamo kijitabu kimoja cha picha kilichofungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki mithili ya johari. Dada yake mdogo akanyoosha mkono ili akisome. Kaka aliruka kana kwamba mtoto anataka kushika kaa la moto.

"Usikifungue! Kikishafunguliwa, thamani yake imekwenda."

Binti akanigeukia mimi. "Mjomba, kitabu kisichosomwa nacho ni kitabu?"

Swali hilo sikulijibu pale pale, na ndilo lililonikalisha kuandika leo. Huenda msomaji akashangaa: mtu wa makamo, aliyelelewa chuoni kwa juzuu na ubao, ana haja gani na hadithi za katuni? Haja ninayo. Watoto wetu huzitazama usiku na mchana, huzibishia mpaka wakanuniana, na wengine huzinunulia vikasha na vinyago kwa mshahara wao. Jambo lililoshika nyoyo za watoto wetu kiasi hicho halifai tulipe mgongo.

Kijitabu chenyewe ni toleo la kwanza la Ms. Marvel, lililotoka mwaka 2014. Shujaa wake ni Kamala Khan, msichana wa Kiislamu wa mji wa Jersey City huko Marekani, ambaye wazazi wake walitoka Pakistani. Mwandishi wake ni G. Willow Wilson, mwanamke wa Kimarekani aliyesilimu. Na mmoja wa waliombuni Kamala ni mhariri Sana Amanat, naye ni Muislamu wa asili ya Pakistani. Kabla ya Kamala, kampuni ya Marvel haikuwahi kumpa shujaa wa Kiislamu kitabu chenye jina lake. Mwaka 2022 hadithi hiyo iligeuzwa mchezo wa televisheni wa sehemu sita, na hapo ndipo mashabiki waliposhikana mashati.

Kisa cha ugomvi ni hiki. Katika kitabu, mwili wa Kamala huvutika kama mpira. Aweza kuwa jitu, aweza kuwa mdogo kama sisimizi, na aweza kujigeuza umbo la mtu mwingine. Katika televisheni nguvu zake zinazuka kwa bangili ya mama wa bibi yake, naye hufanya nuru ikawa ngumu kama jiwe. Mashabiki wengi walikasirika, na mpwa wangu ni mmoja wao. "Wameiua hadithi, Mjomba," aliniambia.

Mwanzo nilidhani ni ubishi wa bure, na nikawa tayari kumkumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima. Lakini alinieleza vizuri. Katika kitabu, mara ya kwanza Kamala apatapo nguvu, anageuka mwanamke wa Kizungu mwenye nywele za rangi ya dhahabu, yule shujaa aliyekuwa akimhusudu. Kisha anagundua kuwa umbo la kuazima halimpi raha, na taratibu anajifunza kuwa shujaa kwa sura yake mwenyewe. "Ukimwondolea kubadili umbo," akasema kijana, "umeliondoa funzo." Nikanyamaza, maana hilo lilikuwa neno.

Binti naye hakukubali kushindwa. Kwa bangili ile, alisema, hadithi inarudi nyuma hadi mwaka 1947, Bara Hindi lilipogawanywa, na jamaa wakatengana kwenye garimoshi, mwana huku na mzazi kule. Kwetu pia bangili hutoka kwa bibi ikaenda kwa mjukuu, na pamoja nayo huenda masimulizi. "Na viatu, Mjomba! Umesahau viatu?" Katika mchezo huo msichana mmoja anatoka kuswali na kukuta viatu vyake vimechukuliwa. Ni nani miongoni mwetu hajarudi nyumbani peku siku ya Ijumaa? Wasichana hao hao wananung'unika kwamba upande wa wanawake msikitini umechakaa. Mambo hayo hayatungwi na mtu asiyejua msikiti kwa ndani.

Hukumu yangu ni kuwa wote wawili walikuwa na haki, kwa kuwa wote wawili waliulizia kiini. Sisi tulioonja utunzi twajua kuwa utenzi hupita vinywa vingi. Mmoja huimba kwa mahadhi haya, mwingine kwa yale, na pengine beti mbili tatu zikarukwa. Hayo yasameheka. Lisilosameheka ni kuipotosha maana. Shabiki anayelalamikia rangi ya koti la shujaa anagombania ganda. Lakini yule anayeuliza, "Funzo limekwenda wapi?" ni mlinzi wa hadithi, na asikizwe.

Wala sauti ya shabiki si kelele tupu. Mwaka 1966 ulianza Marekani mchezo wa televisheni uitwao Star Trek, wa jahazi linalosafiri baina ya nyota. Ulipovuma uvumi kuwa utakatizwa, mashabiki waliandika barua kwa mafungu, hata mwaka 1968 shirika la NBC likatangaza hewani kwamba mchezo utaendelea. Ulipata msimu wa tatu, ukaisha mwaka 1969.

Ndani ya jahazi hilo alikuwamo afisa mweusi, mwanamke, jina lake Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Mwenyewe alisimulia kuwa siku aliyokwenda kujaribiwa alikuwa na riwaya mkononi iitwayo Uhuru, na kutokana na neno hilo letu likatengenezwa jina la Uhura. Mshairi aliye ndani yangu hugunaguna, kwani Kiswahili hakimfanyi mtu mwanamke kwa kugeuza herufi ya mwisho. Lakini Nichols alipotaka kuacha kazi hiyo, alikutana na Dkt. Martin Luther King, ambaye alimwambia kuwa yeye ni shabiki wa mchezo huo, tena akamsihi asiondoke, kwa sababu ya wale waliokuwa wakimtazama. Akabaki. Baadaye, tangu mwaka 1977, alisaidia shirika la NASA kutafuta wanawake na watu weusi wa kuwafunza uanaanga. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani mwaka 1992, alisema kuwa tangu utotoni Uhura alimtia hamu. Nichols alifariki mwaka 2022. Tazama basi neno moja la shabiki mmoja lilivyofika!

Sasa nirudi kwenye kasha la plastiki. Biashara hiyo ina kanuni zake. Kitabu hupelekwa kwa wakaguzi, hupewa alama ambazo upeo wake ni kumi, kisha hufungiwa. Ukikifungua, alama zimetanguka. Kitabu cha Action Comics nambari 1, kilichomtoa Superman mwaka 1938, kiliuzwa siku hizo kwa senti 10 za Marekani. Nakala moja iliuzwa mwaka 2014 kwa zaidi ya dola milioni 3.2, na nyingine mwaka 2024 kwa dola milioni 6. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno.

Na waliomtunga Superman je? Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa mji wa Cleveland, waliuza haki zao zote kwa dola 130. Walizeeka katika dhiki. Sinema kubwa ya Superman ilipokuwa ikiandaliwa, Siegel alipiga kelele magazetini, na wachoraji wenzao, akiwamo Neal Adams, wakasimama nao. Mwaka 1975 kampuni ilikubali kuwapa malipo ya kila mwaka na kuyarudisha majina yao juu ya kazi yao. Waliosimama nao siku ile nawaita mashabiki wa kweli, kuliko mwenye kasha la mamilioni.

Nasema haya nikiwa si msafi. Marehemu mwalimu wangu wa chuo aliniachia daftari la kasida na tenzi, kwa hati za Kiarabu, mkono wake mwenyewe. Kwa mapenzi nililitia sandukuni nikafunga kufuli. Kijana mmoja alinijia mara mbili akiniomba alinakili, nikamwambia litachakaa. Wahenga walisema akiba haiozi. Nilipofungua sanduku baada ya miaka, nilikuta vumbi la mchwa na jalada. Beti nizikumbukazo hazifiki ishirini, na kijana yule sijui yuko wapi nimwombe radhi.

Kisa hicho niliwasimulia wapwa zangu usiku ule ule. Kijana hakulifungua kasha. Mali ni yake, nami sikumlazimisha. Lakini alikaa na dada yake mkekani, akamhadithia kitabu kizima kwa moyo, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka saa sita, naye binti akimkatiza kwa maswali.

Basi jibu la swali la binti ni hili. Kitabu ni cha mtungaji aliyekitunga, kisha ni cha yule anayekisoma na kukipokeza. Mwenye kukifungia ana karatasi tu. Vijana wetu nawaomba wasome, wabishane kwa hoja, halafu washike kalamu nao, kwani hadithi ya mtoto wa Kiislamu wa Mombasa au Lamu bado yangoja mwandishi wake. Na wewe msomaji, ikiwa chini ya kitanda chako kuna sanduku lenye daftari la babu, lifungue leo, mwite mtoto mwenye hati nzuri, alinakili. Mchwa hawana likizo.